Kiota cha Nyigu Kanisani

Jumanne usiku

Nilikificha vizuri mno, ndiyo shida. Padre hakutaka kile kifaa kinacholia kikinusa moshi kiharibu sura ya kanisa la zamani. Nikakipaka rangi ya udongo, nikakibana kwenye boriti.

Leo kimelia. Nimekimbia na ndoo ya maji, nikamkuta Mama Kulwa, mfagiaji wetu, juu ya benchi, ameinua ufito mrefu wenye nyasi zinazofuka moshi kuelekea kifaa changu.

"Shikamoo, mama. Unachoma kanisa?"

"Marahaba. Nafukuza nyigu. Sikia wanavyolia!"

Cheche zilikuwa zinarukia mbao kavu. Ningechelewa kidogo tu...

Nikamwaga maji, tukalowa wote wawili.

Padre ameagiza kifaa nikipake rangi nyekundu, kisidhaniwe tena kiota. Mama Kulwa anasema nyigu wekundu ndio wakali zaidi.