Mkanda wa Tano Baada ya wa Sita

12 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta salama, na kwamba Mama ameanza kula. Mimi sijambo, kazi ni ile ile ya kufua shuka za hoteli, na viganja vimekuwa msasa.

Ile picha ya sinema ya mwaka 1985 aliyoniagiza Mama nimeipata. Karibu na kazini kuna duka la mitumba ambalo Jumapili mchana huonyesha picha zilizosahaulika. Tulikuwa watu wachache na paka wa mwenye duka. Baba, picha ile ina wazimu wake. Mpelelezi ni fundi saa asiyejua hata kurusha ngumi. Mvua inanyesha mpaka ndani ya ofisi na hakuna anayeshangaa. Muuaji anafukuzwa, anasimama kufunga kamba za viatu, na fundi anamsubiri amalize. Wengine walicheka. Mimi sikucheka, maana yote niliyajua kwa sauti ya Mama.

Ila mwisho si ule. Mama alinisimulia kwamba mdogo wake fundi anapigwa risasi ngazini, halafu asubuhi yuko mezani anakunywa chai, haulizwi kitu, anavaa koti na kutoka. Hapa chai imetangulia. Anakufa ngazini na picha inaisha.

Mwenye duka yuko tayari kuninakilia. Nimtumie Mama hii?

Wako,
Binti yako

3 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi nipo, magoti tu yananikumbusha umri. Mama yako daktari kamrudisha nyumbani, na si kwa kuwa amepona. Anauliza picha yake kila siku.

Usitume hiyo. Enzi zile naonyesha sinema, mikanda yake ilikuja sita, namba kwenye makopo zimefutika, nami nikaweka wa sita kabla ya wa tano. Watu walipiga miluzi, wakatoka wakinitukana mimi na projekta yangu. Alibaki mama yako peke yake. Ndiyo kwanza tulikuwa tumemzika kaka yako, yule usiyemjua, na tangu mazishi mama yako alikuwa hasemi. Yule kijana alipotokea mezani na kikombe chake, nikiwa kule juu kwenye kibanda cha projekta nikamsikia anacheka, kisha analia. Usiku ule alinipikia.

Siku ya kwanza nilikosea. Siku zilizofuata sikukosea, niliipanga vile vile kwa makusudi. Tajiri mwenye sinema alinifukuza kazi, na mpaka leo sijutii.

Itafutie mtu aipange kama nilivyoipanga mimi.

Baba yako

20 Machi

Baba,

Shikamoo. Mama anaendeleaje? Nieleze ukweli, usinifiche kama mtoto.

Mwenye duka ameikata na kuiunga kama ulivyotaka, akasema hivi ndivyo ilivyopaswa kuwa tangu mwanzo. Imo kwenye flashi hii. Mwombe mjukuu wa jirani awafungulie kwenye kompyuta yake, wewe usiguse.

Nilitaka kuja. Msimamizi amesema nisubiri mwisho wa mwaka.

Binti yako

9 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kukujibu kwa sababu mkono ulikuwa mzito. Mama yako yupo, lakini sasa namgeuza kitandani mwenyewe.

Tuliitazama jana, nimemwegemeza kwenye mito. Kijana alipokaa mezani nikamtazama mama yako badala ya picha. Hakucheka. Akasema, "Bado unaionyesha kinyume, mzee."

Nikajifanya sielewi. Akaniambia, "Ngazini mkono wake una bandeji. Mezani ndipo anapoukata kwa kioo cha saa. Nilijua tangu siku ile. Nilibaki kwa sababu ulikuwa unahangaika kule juu peke yako, na wewe pia ulikuwa umefiwa."

Miaka yote hiyo, mwanangu, nilidhani mimi ndiye ninayemficha. Nililia mbele yake, sina aibu kukwambia.

Kisha akasema yuko tayari sasa kuiona kama ilivyo, na ngazi iwe mwisho. Nikamwambia hiyo ya kweli iko huko kwako.

Kwa hiyo ilete. Usiitume kwa mtu wala kwa posta. Msimamizi wako mwambie lolote, na akikataa, njoo hivyo hivyo. Mama yako amesema atakusubiri, nami najua picha ni kisingizio tu, anayemsubiri ni wewe.

Baba yako