Bao Ambalo Sikulisikia

Kitengela, Jumapili usiku, 1998

Sijamwambia mtu, hata Mama: sikusikia mwisho wa ile mechi.

Baba alikuwa na shifti kwa kiwanda cha simiti, akaniachia redio. "Atieno, sikiza mpaka filimbi ya mwisho. Leo tukishinda, ligi ni yetu."

Wiki nzima alinikataza kumaliza betri na nyimbo. Nilizimaliza. Jana nikazianika juu ya mabati ziote jua, lakini kipindi cha pili redio ilififia, ikanyamaza kabisa. Tulikuwa tunaongoza moja bila.

Baba aliporudi nikamwambia tumeshinda. Alinibeba juu kama mtoto mdogo, na mimi niko kidato cha pili.

Akanipeleka hadi kwa bucha ya rafiki yake, Baba Wambui, kumringia. Baba Wambui akacheka. "Pole, ndugu yangu. Walirudisha, halafu wakaongeza la pili. Jaribuni mwaka ujao."

"Wacha uongo! Huyu alisikiza mwenyewe, na hajawahi kunidanganya."

Wateja wote wakaniangalia. Nikainama, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Baba akamwita rafiki yake muongo mbele ya watu, tukaondoka.

Sasa ameenda kwa jirani kusikiza habari ya saa tatu. Ligi itarudi mwakani. Hilo neno "hajawahi" sijui kama litarudi.

Nasikia viatu vyake vya kazi vikikaribia mlango. Kila siku mimi huficha hiki kitabu chini ya godoro. Leo nakiacha wazi hapa mezani, asome mwenyewe.