Bega la Kushoto

Uthiru, 3 Machi 2025

Mume wangu mpenzi Quincy,

Nimeandika "mume wangu" nikacheka peke yangu jikoni! Hujambo? Unakula vizuri? Mimi mzima, ila kitanda ni kipana mno. Siku kumi na tisa za ndoa, na nane kati yake umefungiwa Loresho, hapo karibu tu! Nani alisema watu wanaotengeneza mchezo wa simu wanyang'anywe simu eti siri isivuje? Mungu ambariki Kavindu, mpishi wenu, anayetubebea barua.

Mama Shiko mwenye nyumba ameniuliza, "Bwana harusi ametoroka?" Nikamwambia hapana, anapigana na jitu. Mnamaliza lini?

Mkeo anayekuwaza,
Peres

Loresho, 6 Machi

Mke wangu Peres,

Barua yako imefika ikinukia vitunguu vya Kavindu, na bado nimelala nayo. Mimi niko salama. Wewe je, kile kikohozi kimeisha?

Tumekwama kwa jitu la mwisho, lile lenye panga. Mchezaji lazima aone dalili kabla halijapiga, apate nusu sekunde ya kukwepa. Tuliyawasha macho yake mekundu. Lakini Maina, anayetujaribia mchezo, hatofautishi nyekundu na kijani, na jitu limesimama msituni. Kila akifa anapiga kelele, "Buda, hili jitu lenu ni jizi!" Tukiongeza mwanga, wengine wanauliza kama wanapigana na taa za barabarani. Mkubwa wetu, Kiragu, amesema hatoki mtu humu mpaka Maina ashinde.

Nina hamu nawe mpaka naumwa.

Mumeo,
Quincy

Uthiru, 9 Machi

Quincy wa moyo wangu,

Habari za huko? Kikohozi kimeisha, hamu ndiyo imezidi.

Achaneni na taa. Mwili wa hilo jitu useme wenyewe. Wewe kabla hujaniambia jambo gumu, bega lako la kushoto hupanda, unanyamaza kidogo, halafu ndiyo maneno yanakuja. Siku uliyounguza shela yangu kwa pasi, niliona bega, nikawa nimeshaketi kabla hujafungua mdomo! Hata gizani ningeliona.

Wako daima,
Peres

Loresho, 15 Machi

Mke wangu mwenye akili,

Uko salama? Mimi leo ni mzima kuliko wazima wote. Jitu tumelipatia bega langu! Kwanza lilipanda haraka mno, hakuna aliyeliona. Tukalipunguzia mwendo, likapanda, likatulia, ndipo panga likaja. Maina akakwepa, akakwepa tena, akaruka juu ya kiti: "Nimekuona, mzee!"

Kesho narudi. Kiragu anataka nipitie ofisini mjini kwanza, sijui ana nini. Usipike, tutapika pamoja.

Mumeo,
Quincy

Uthiru, 30 Machi

Mume wangu,

Hii hakuibeba Kavindu. Nimeificha sandukuni mwako, kati ya mashati mawili, kwa hiyo ukiisoma umeshafika Johannesburg. Umefika salama? Kuna baridi?

Nataka ujue kilichotokea siku ile uliporudi. Ulisimama mlangoni na maua, unacheka, na mimi nikaona bega likipanda. Nilikuwa na ile nusu sekunde yenu. Ningekimbilia jikoni, ningekuuliza habari za Maina, na nakujua, ungenyamaza siku mbili, kisha ungemjibu Kiragu kwamba huendi. Nusura nifanye hivyo, Quincy. Nikakushika bega lenyewe, nikakwambia, "Sema." Ukasema Kiragu anakutuma kazini Johannesburg, mwaka mzima. Ukasema nikikataa hutaenda. Nilikuwa nimeshajiandaa, ndiyo maana uliniona nikitabasamu.

Ukisoma haya kitanda kitakuwa kipana tena, nami nitakuwa nalala upande wako ili kisionekane hivyo.

Nakuomba kitu kimoja tu. Ukinipigia, usiisogeze simu mpaka nione pua na macho peke yake. Iweke mbali kidogo, nikuone hadi mabegani.

Mkeo,
Peres