Buibui ya Mwalimu Bonareri kwa Ukuta wa Jikoni

Ni mwaka mmoja sasa, Mama, tangu presha ikuchukue, na huku jikoni hakuna mtu anatuuliza "kwa nini" tena. Tata, baba yetu, anakula haraka anatoka kuangalia ng'ombe. Mdogo wangu Gesare anafanyia kazi ya shule kitandani, hataki kukaa hapa. Mimi ndio nakalia kigoda chako naangalia ukuta.

Kwetu ulikuwa Mama, lakini kwa watu wa Manga yote ulikuwa Mwalimu. Hata mama wa mboga alikuwa anakuita Mwalimu, na yeye hukuwahi kumfundisha. Ulifundisha watoto wake.

Waliosoma kwako wanajua buibui. Kwa wale hawakusoma kwako, ilikuwa hivi. Mwalimu Bonareri hakubali mtoto aandike insha kabla hajachora. Unachora duara katikati ya karatasi, unaweka ndani ile kitu unataka kusema. Kutoka hapo unatoa mistari kama miguu, kila mguu unaishia kwa duara ingine: nani, wapi, kwa nini, halafu ikawaje. Ukimaliza kuchora, kuandika kunakuwa rahisi. Mtoto akilia ati hana mawazo, ulikuwa unamwambia mawazo anayo, ni vile yamerundikana, ayatoe nje ayaone na macho.

Na ulikuwa na sheria moja. Duara haikai peke yake. Kama huwezi kuivutia mstari, ama uifute, ama ufikirie tena.

Shuleni karatasi zikiisha ulitutoa nje na kamba za migomba. Mmoja anakuwa mvua, mwingine majani ya chai, mwingine karo, tumefunganishwa na kamba. Unauliza, mvua ikikosa nani anavutwa? Mvua anatembea, kamba inakaza, karo anaanguka kwa nyasi, tunacheka hadi tunaumwa tumbo. Karo alikuwa Nyangau. Siku hizi ni fundi wa stima huko Nyanchwa, na aliniambia hawezi kuweka waya kwa nyumba ya mtu kabla hajachora buibui.

Nyumbani ubao wako ulikuwa huu ukuta, na chaki ni makaa. Tata alikuwa analalamika kila jioni, ati yeye hajui kama alioa mwalimu ama alioa masizi. Na wewe unamjibu bila hata kugeuka, "Manasseh, keti hapo nikuchoree." Ule mwaka alitaka kung'oa chai yote apande avokado, mlibishana kwa ukuta wiki nzima, hadi yeye mwenyewe akaona kila mguu wa buibui unaishia kwa duara ya "tutakula nini tukingoja". Aling'oa kipande kidogo tu. Hakusema umeshinda, lakini siku hiyo alikuchotea maji.

Buibui ya mwisho ulichora kunihusu mimi. Nilikuwa nimemaliza shule, fomu foo, nazunguka tu, leo nataka hili, kesho lile. Ukaandika "Jasper" katikati, ukavuta miguu pande zote, na duara zote ukaziacha bila neno. Nikakuuliza mbona hujajaza. Ukasema, "Hiyo insha si yangu." Wiki hiyo hiyo ukatuacha.

Mama, zile duara zimeniangalia mwaka mzima. Nimejaribu boda boda, nimejaribu kuuza nguo Mosocho, nimeacha zote. Mjomba Eric ameniita Nairobi nifanye kazi kwa duka lake. Nilimwambia Tata nitaenda baada ya kumbukumbu yako. Alisema sawa. Sawa tu, akaenda kwa ng'ombe.

Sasa Ijumaa, si unajua vile kunakuwa kabla ya wageni. Mama mdogo Nyaboke alikuja na kina mama wa kanisa, waoshe nyumba kubwa na kukandika jikoni ikae safi. Mimi nilikuwa nimeenda kuleta viti. Hawakujua. Mtu akiona makaa kwa ukuta anafikiria ni uchafu wa watoto. Kurudi, nikapata kina mama wamesimama na udongo mbichi mikononi, na Tata ameketi chini, mgongo kwa ukuta, na ile shati yake nyeupe ya kanisa.

Mama mdogo alikuwa anamwambia, "Shemeji, wageni wataonaje?"

Tata akasema, "Wataona mwalimu aliishi hapa."

Basi. Wakakandika pande zile zingine wakaenda.

Jioni alipoinuka, shati ilikuwa nyeusi mgongo wote. Nikaenda kuangalia kama amefuta kitu. Jina langu limefifia kidogo lakini linasomeka. Na chini kabisa, pembeni, hapo alikuwa ameketi, kuna duara sijawahi kuona. Imepinda kama kiazi. Ndani imeandikwa "Tata", na herufi za mtu hashikangi makaa. Alichora lini sijui. Haina mstari. Labda hajui sheria yako. Labda anaijua.

Nilichukua makaa nikavuta mstari kutoka kwa jina langu hadi kwake. Ni mrefu, umepita karibu na mlango. Nairobi pia nimeiandika kwa duara moja, sikudanganyi. Zingine bado ziko wazi. Lakini ya Tata haikai peke yake tena.

Unakumbukwa na mume wako Manasseh Mokua, watoto wako Jasper na Gesare, dada yako Nyaboke, kaka yako Eric Angwenyi, na wote uliowafundisha kuchora kwanza. Ibada ni Jumapili, nyumbani Manga. Mkifika jikoni mtapata ukuta mmoja mweusi. Tafadhali msiupanguze.

Daima tutakukumbuka, Mama. Mstari wako haufutiki.