Macho ya Mzee Maganga

Jumatano usiku, Mtendeni

“Ukimwonyesha mwenzako samaki walipo, umemgawia wageni wako.” Shabani alisema hivyo leo kwenye kikao chetu sisi tunaowaongoza wageni wanaokuja kuvua samaki katika mto Ugalla, na wenzangu wakaitikia kama kwaya. Upuuzi mtupu! Mvua moja ikinyesha, samaki wamehama. Tunachofundishana ni kuyasoma maji, na hakuna aliyewahi kupungukiwa kwa hilo.

Kwani Shabani alifundishwa na nani? Na mzee Maganga, aliyetufundisha sote kurusha ndoano ya manyoya, ile inayoigiza mdudu, bila kumnasa mgeni sikioni. Sasa macho ya mzee yameingia ukungu. Anataka kumfundisha Godeliva, binti wa Ulyankulu, lakini lazima mmoja wetu akae nao mtumbwini na kumwambia mzee anachokiona majini, maana binti bado hajui kuyasoma.

“Shikamoo mzee, lakini si upumzike tu?” Shabani akamwambia mzee, aliyekuja kikaoni mwenyewe kutuomba.

“Marahaba. Nikipumzika, wewe ukikwama utamuuliza nani? Mkeo?”

Kikao kizima kikacheka, hata Shabani. Lakini mzee alipouliza nani atakaa naye mtumbwini, hakuna aliyenyoosha mkono.

Nikanyoosha wangu. Nalala na moyo mwepesi, ingawa nina hofu. Nina wageni wangu pia, na mzee akipofuka kabisa kabla binti hajaiva...

Peke yangu sitoshi. Basi ninyi mliofundishwa na Maganga, mmoja mmoja, mpeni mzee siku moja kwa wiki. Kaeni mbele ya mtumbwi, mwambieni mnachokiona. Na wewe Shabani, uanze kesho.