Mashua ya Baba, Area D

Jumatatu, 7 Agosti 1995
Nimemwaga maji tuliyoogea kwenye mashua kabla ya kwenda shule. Yangu, ya Mama, ya wadogo zangu. Yana povu la sabuni lakini mbao hazijali. Baba akachungulia, akasema bado hayatoshi. Upepo wa mwezi huu unakausha kila kitu. Mbao zikikauka zinaachana, na mashua tupu ni nyepesi, upepo unaibinua. Kwa hiyo maji ndani, kamba pande zote, mlingoti umelazwa, tanga liko chini ya kitanda changu. Pua inatazama mashariki, upepo unakotoka. Yaani inatazama nyumba ya akina Gerald.

Baba amepunguzwa kazi ofisini. Aliijenga mashua mwenyewe hapa uani, mbali na ziwa lolote, jioni baada ya kazi, tangu nikiwa mdogo. Sasa ndiyo riziki yetu, ataivulia samaki. Lori la mjomba litaichukua tarehe 26 kuipeleka ziwani, kwao Baba, Ukerewe. Lazima ifike nzima.

Jumatano, 9 Agosti
Gerald tena. Ni jirani na tuko kidato cha tatu pamoja, bahati mbaya zote mbili. Mbele ya darasa zima: "Binti Nuhu! Gharika lini? Maana bombani kwetu hata tone hakuna."

Mwingine akadakia: "Kwao wakishaoga wao, mashua nayo inaoga!"

Nikafungua kitabu. Sikuona hata neno.

Alhamisi, 10 Agosti
Nimerudi shule nikaikuta imelala ubavu. Kamba zimekatika, ubao mmoja umepasuka. Ndani pakavu. Mtu amechomoa kizibo cha chini, maji yakatoka yote, upepo ukamalizia. Baba amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Mama akaita, "Baba Tabitha, njoo ule."

Hakwenda.

Gerald leo alichelewa shule.

Ijumaa, 11 Agosti
Kizibo anacho Gerald. Alikuwa anakizungusha juu ya dawati kama pia, huku ananitazama usoni. Namchukia. Nimeliandika ili nilione. Namchukia. Nikimwambia Baba atasema ni utoto, atamsamehe. Sitaki asamehewe.

Jumamosi, 12 Agosti
Baba amepachika kiraka. Tumeisimamisha, tumeifunga upya, maji tumerudishia. Nimeshinda nikitazama banda la kuku la akina Gerald. Kuku wa kisasa, biashara mpya ya mama yake. Gerald ndiye mlinzi na mlishaji. Mabati ya paa hayana misumari. Yamegandamizwa kwa mawe tu.

Jumapili, 13 Agosti
Wote walikwenda kanisani, kwao na kwetu. Mimi nilisema tumbo linauma. Nikapenya kwenye uzio wa minyaa. Nikashusha mawe, nikayaacha chini ovyo, kama yaliyoanguka yenyewe. Nilifurahi.

Mchana upepo ukaja. Nilikuwa dirishani nikitabasamu. Bati la kwanza likainuka, kuku wakatawanyika hadi barabarani, Gerald anawakimbiza akijaribu kuwafunika kwa gagulo la mama yake. Nikacheka kwa sauti.

Bati la pili likaja kwetu. Moja kwa moja. Upepo unatoka mashariki. Nilijua. Wiki nzima nimeishi kwa kujua hilo. Limepasua pua ya mashua kama papai.

Mjinga mimi. Mjinga kabisa.

Jumatatu, 14 Agosti
Mama Gerald amekuja analia. "Jamani jirani, bati letu limewatia umaskini." Kisha akamvuta Gerald sikio. "Si nilikwambia uongeze mawe? Utakuja hapa kila jioni mpaka mashua ya watu ipone!"

Gerald hakujitetea. Anaamini kweli ni uzembe wake. Nilisimama mlangoni nikitazama sikio lake likivutwa. Mashua imevunjika, lori linakuja, na bado sijawahi kuonja kitu kitamu hivyo.

Ijumaa, 18 Agosti
Anakuja kila jioni. Anabeba ndoo, anashika mbao, anashindilia pamba kwenye nyufa. Baba anacheka naye. Jana alimwambia, "Una mkono wa fundi wewe." Mimi hajawahi kuniambia.

Leo Gerald ametoa kizibo mfukoni. "Baba, mimi ndiye niliyekichomoa siku ile. Naomba unisamehe."

"Nilijua. Shika hapo, usiachie."

Basi. Yameisha hivyo. Nilikuwa nimesimama karibu nao na misumari mkononi. Ilikuwa nafasi yangu ya kusema la kwangu. Sikusema. Niliona hasira tu, kwamba ametubu kabla yangu na imempendeza Baba.

Jumamosi, 26 Agosti
Lori limeondoka na mashua asubuhi. Pua mpya haijapakwa rangi lakini haivuji. Baba alikaa mbele na dereva. Kabla ya kupanda alimpa Gerald mkono kama mtu mzima. Desemba Gerald atamfuata Ukerewe akafundishwe kutweka tanga. Baba ameshamwomba mama yake.

Mimi hakuniuliza.

Upepo unavuma tangu mchana. Nimetoka uani, nikasimama, nikarudi ndani. Hakuna cha kufunga.