Kitoroli cha Wakesho

Mama,

Wakesho anataka kuhama Voi aje kukaa kwako Bura. Naanza na hilo kwa sababu hukuwa na subira na mtu wa kuzungukazunguka. Anasema Babu yake amebaki peke yake tangu tukuzike, kwamba anakunywa chai iliyopoa na kula viazi vya jana, na kwamba shule ya huko mlimani ina mwalimu wa hesabu asiyepiga watoto. Mwanao Mwadime, baba yake, alikubali hata kabla mtoto hajamaliza kusema. Unamjua. Nimebaki mimi mamake. Wote wawili wananiangalia, na wewe uliyekuwa ukinikata kauli nikikosea hupo.

Basi nimekaa nikuandikie. Ni Jumapili baada ya kanisa, nyumba zote za landhi ya reli zimelala kwa joto. Wakesho yuko kwenye veranda ya stoo, namsikia kutoka hapa. Magurudumu yanakwenda, yananyamaza akigeuka, yanakwenda tena. Kile ni kitoroli chako. Dukani walituambia kinaitwa skeitibodi, wewe ukakitazama ukasema hiki ni kitoroli tu, kama vile vya mafundi wa njia ya reli ila hiki hakina breki wala akili. Tangu siku hiyo hapa nyumbani hakina jina lingine.

Sijawahi kukushukuru kwa kile kitoroli. Nilikushukuru kwa kabichi, kwa ndizi, kwa blanketi ulilonipa nikijifungua. Kwa kile sikusema kitu, kwa sababu siku tuliyokichagua ndiyo siku niliyokupigia kelele mbele za watu.

Unakumbuka alivyokuwa wakati ule. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye mpera wa nyuma ya landhi, akavunjika mguu wa kulia. Walipomkata plasta mguu ulitoka umekonda, na ngozi imebambuka kama ganda la kitunguu. Daktari akasema mfupa umeunga vizuri, mtoto atembee. Mtoto hakutembea. Alikuwa akiuweka chini ule mguu kidogo tu kama mtu anayepima joto la maji, kisha anauinua. Mimi nikamshika mkono. Nilimshika kwenda shule, kwenda dukani, kwenda chooni. Wenzake wakachoka kumngoja, wakaacha kumwita. Miezi ikapita hivyo, na mimi nikaona hiyo ndiyo kazi ya mama, kushika.

Halafu akaja yule injinia mgeni na familia yake, mwanawe akawa anateleza na ubao wake kwenye platifomu kila jioni. Wakesho aliniomba nimpeleke akaangalie. Siku ya kwanza tukaangalia. Siku ya pili tukaangalia. Siku ya tatu akaniambia, "Mama, na mimi nataka." Tangu aanguke alikuwa hajataka kitu chochote, hata nyama.

Mwanao akasema sawa, tutanunua. Mimi nikasema mtoto asiyekanyaga ardhi iliyotulia mtampandisha vipi kwenye kitu kinachokimbia. Tukabishana mpaka majirani wakazima redio wasikie vizuri. Ndipo nikatuma neno kwako kwa dereva wa lori la mboga. Sasa nikuambie nilichokuwa nakifikiria, Mama: nilikuwa na uhakika utakataa. Wewe ulimkatalia Babu baiskeli ukasema magurudumu mawili ni upumbavu. Nikajua mwenye magurudumu manne atafukuzwa kwa fimbo.

Ukashuka siku ya soko na kikapu chako, ukauza kabichi, ukanywa chai kwangu, ukamtazama wajina wako kwa muda. Halafu ukasema, "Tutaenda Mombasa tukamchagulie. Baba yake akienda peke yake ataleta takataka." Nilikasirika hata nikakutilia chumvi kwenye chai ya pili. Uliinywa yote.

Sitasahau lile duka. Mwenye duka, mzee mmoja mpole wa Kihindi, alikuwa ametundika zile mbao ukutani pamoja na raketi na mipira. Wakesho akauona mmoja mwekundu wa plastiki, mfupi, unang'aa. Akasema ule. Mwanao akatia mkono mfukoni. Wewe ukasema, "Ngoja kwanza, ushushwe niushike."

Uliugeuza kichwa chini miguu juu, ukakandamiza ukucha kwenye gurudumu. Ukucha haukuingia. Ukasema gurudumu gumu namna hii likikuta kijiwe linasimama, ubao unabaki, mtoto anaendelea na safari. Ulijua kwa sababu ya wilbaro lako, lile lililokuwa linakumwagia mbolea njiani kila siku mpaka ukalibadilisha gurudumu. Kisha ukamvua Wakesho kiatu, ukamwekea wayo juu ya ule ubao mwekundu. Vidole vikatokea upande huu, kisigino upande ule. Ukamuuliza, "Ukisimama hapa utajiona uko juu ya kitu, au utajiona uko juu ya kamba?" Mtoto akautazama ule mwekundu kwa huruma, kisha akarudisha mguu.

Ukaomba zile za mbao, pana, zenye magurudumu laini yanayokubali ukucha. Mzee wa Kihindi akazipanga sakafuni. Alikuwa ameshaanza kufurahia, amewaacha wateja wengine kwa kijana wake. Mimi nilikuwa nimemshika Wakesho mkono kama kawaida. Ukaniambia, "Mwachilie asimame, nimwone." Nikamwachilia. Ukapita nyuma yake kimya, na bila kumwonya ukamsukuma mgongoni.

Nilikuona kwa macho yangu. Mikono yote miwili. Nikapiga kelele. Nilikuambia, "Mama, mimi ulinisukuma nikanyamaza. Huyu hapana." Duka zima likageuka. Mwanao akatazama raketi.

Lazima niseme hapa, kama kuna mtu mwingine atakayeisoma barua hii, nilikuwa nazungumzia nini. Ni siku yangu ya kwanza Bura nikiwa bibi harusi. Nilitoka Bungoma, kwetu shamba ni tambarare na plau inavutwa na ng'ombe. Ukanipeleka kwenye shamba lako linaloning'inia pale mlimani, wake za wanao wengine wametangulia na majembe, na nikiwa nimesimama nashangaa hapa watu wanalimaje bila kubingirika, nikasikia mikono mgongoni. Nilipiga hatua, nikajishika. Nilipogeuka ulikuwa umeshaondoka, unaniita kutoka upande wa mto, unanionyesha mstari wangu. Upande wa mto peke yangu, wengine wote wako juu wanacheka pamoja. Miaka yote nikija kulima ulikuwa unaniweka palepale. Sikumwambia mwanao. Nilijiambia tu, huyu mama hakumtaka Mluhya, na ameniambia kwa mikono.

Nikalibeba hilo mpaka pale dukani, na pale likanitoka.

Wewe ulinitazama kama mtu anayesikia lugha asiyoijua. Kisha ukasema, polepole, "Sasa miaka hii yote ulidhani nilitaka uanguke?"

Ukanieleza mbele ya yule mzee na wateja wake. Kwamba kwenu mtu hapewi jembe la mteremkoni kabla hajajulikana mguu wake. Kila mtu ana mguu wa kushika na mguu wa kwenda, na ukimuuliza atakudanganya, kwa sababu hajui. Anasukumwa, na ule unaotoka mbele wenyewe kumwokoa ndio wa kushika. Mama yako alikusukuma wewe, na wewe umewasukuma wanao wote na wake zao. Ukasema, "Wako ni wa kushoto. Kwani ulidhani nakuweka upande wa mto kwa nini? Pale mteremko unaangukia kushoto. Ningekuweka juu na wale wengine ungenifia."

Mama, sikuomba msamaha siku ile na leo pia siombi. Ungeweza kuniambia. Neno moja tu, miaka yote hiyo, ungeweza. Lakini nilikaa chini kwenye kigoda cha mwenye duka. Kila msimu uliopanga mistari ulikuwa umenifikiria. Kabla ya kupanga mtu yeyote ulikuwa umeukumbuka mguu wangu.

Na hapo ndipo tukamkumbuka mtoto. Sote tulikuwa tumemsahau kwa kelele zetu. Alikuwa amesimama palepale mkono wako ulipomwachia, anatazama chini. Mguu uliokuwa umetoka mbele ni wa kulia. Ule uliovunjika. Ulikuwa umekanyaga sakafu wote, kisigino na vidole, na mwili mzima umeuegemea, na haukuwa umefanya chochote isipokuwa kumshika.

Hukumwambia "unaona." Hukusema mfupa umepona, wala usiogope, yale maneno ambayo mimi nilikuwa nimemwimbia mpaka yakaisha utamu. Ulisema tu, kama mtu anayesoma bei, "Wa kulia ndio wa kusimama juu ya kitoroli. Wa kushoto utasukuma. Sasa chagua mwenyewe kati ya hizi mbili." Akachagua ule wenye picha ya kasuku iliyochorwa vibaya, mwenye jicho moja kubwa kuliko lingine. Mwanao akataka kusema huu mwingine una rangi nzuri, ukamkanyaga.

Tulipotoka dukani niliunyosha mkono kumshika. Alikuwa amekumbatia ubao kwa mikono yote miwili, hakuwa na wa kunipa.

Ningependa kusema aliteleza kuanzia siku hiyo. Hapana. Alianguka hapa Voi mpaka stesheni masta akatufukuza platifomu, akasema abiria wake wanaogopa. Kwa hiyo shule zilipofungwa ukasema mtoto aletwe Bura. Nikacheka. Bura ambako hata kuku wanatembea upande, atatelezea wapi? Nilipofika nikakuta umehamisha mahindi yako yote kutoka kwenye sakafu ya saruji ya kuanikia. Msimu wa mavuno, mawingu yanakuja, na wewe umeyatandaza juu ya magunia na mikeka na paa la zizi, ili mtoto apate sakafu. Babu alikuwa anazunguka analalamika kwamba ngedere watayamaliza. Ukamwambia, "Mahindi yataota tena. Yeye yuko mmoja."

Nilikaa mlangoni kwako siku nzima nikimenya maharagwe. Mguu wa kulia juu, wa kushoto unasukuma. Anaanguka, anainuka. Kila alipoanguka niliinuka pamoja naye, na kila nilipoinuka wewe ulisema bila kunitazama, "Keti, Nekesa." Ulisema mara nyingi. Jioni nilikuwa siinuki tena, na yeye alikuwa anazunguka ile sakafu yote. Nililia ndani ya maharagwe yako. Najua uliona.

Sasa nikuambie habari za huku nyuma. Shamba la chini tumelipanda, mimi nikiwa upande wa mto, hakuna aliyeniweka, nilikwenda mwenyewe. Kabichi zako anazipeleka sokoni mke wa mwanao Mwandoe na anaziuza rahisi mno, ungemfokea. Babu hajaondoa kanga yako msumarini. Anazungumza nayo kuhusu mvua.

Siku tuliyokuzika mvua ilikuwa imenyesha, na ile njia ya kushuka kaburini ilikuwa tope tupu. Watu walishikana. Wazee walishikwa. Mimi nilikuwa natazama jeneza, nikanyosha mkono pembeni kumtafuta mtoto, mkono ukabaki hewani. Nilipotazama chini alikuwa ameshatangulia, amembeba mgongoni mdogo wake, kitindamimba wetu, anashuka kwa ule mguu wa kulia kwanza, hatua kwa hatua, bila haraka. Hakuna aliyemwambia. Nilisimama pale juu nikiwa nimefiwa, na nilikuwa na furaha, Mama. Ni wewe tu ninayeweza kumwambia kwamba siku ya mazishi yako nilikuwa na furaha kidogo.

Nilidhani nitakuandikia kuuliza. Nimefika hapa nikaona jibu nilikuwa nalo, nilikuwa natafuta tu mtu wa kuniambia niketi.

Aje. Atakaa na Babu, atampashia chai moto, na atakwenda shule kwa njia ile ya juu ambayo mimi mpaka leo naipita nikishika majani. Jumatatu asubuhi nitampandisha hadi pale barabara inapoishia. Nakuahidi sitashuka naye mpaka mlangoni. Nitampa mzigo wake na kitoroli chake, nitasimama nimtazame hadi afike uani, na akigeuka kunipungia nitakuwa nimeshajifuta macho.

Kisha nitateremka kurudi Voi mikono mitupu. Nitahitaji muda kuizoea.

Pumzika vizuri, Mama. Umetuchosha na umetulea. Asante.

Mwanao,
Nekesa